Kombe la Kijapani

Juzi nilikwenda kumtazama kijukuu changu mwenye homa, nikamkuta ananyweshwa kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi. Harufu ile ikanirudisha kwetu kisiwani Chole, zama za Mdachi, mwaka ambao nyumba yetu nzima ilisoma Kijapani. Usicheke, ndugu yangu. Tulisoma kweli.

Baba alikuwa mpishi, na mwaka ule alipata kazi katika meli ya moshi iliyokuwa ikienda mpaka Japani. Alifurahi kupita kiasi. Lakini bibi, mama yake mzazi, alikataa kumpa radhi. "Safari iliyopita uliugua Bombei, ukalala na kiu siku mbili kwa kukosa neno la kuomba maji," alimwambia. "Radhi yangu hupati mpaka ujue kuomba maji kwa lugha ya huko uendako, na kusema huli nguruwe." Kwetu mtu hapandi chombo bila radhi ya mama. Baba, mtu mzima na ndevu zake, akakubali kutahiniwa siku ya Ijumaa baada ya sala.

Mwalimu hakuwa mbali. Jirani yetu, mama mmoja mcheshi, alikuwa amefua nguo miaka mingi Unguja katika nyumba ya wanawake wa Kijapani waliokaa karibu na bandari. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na kila alasiri nilikwenda kwake kumsaidia kusuka ukili wa mikeka, baba akija nyuma yangu kama mwanafunzi aliyechelewa. Mizu ni maji. Gohan ni wali. Itai, panauma. Arigato, ahsante. Buta ni nguruwe, na "buta tabemasen" ndiyo nguruwe sili. Kila alipotamka hilo la mwisho jirani alitema mate pembeni. Nikadhani mate yale ni sehemu ya lugha, nami nikawa natema vivyo hivyo.

Mimi nilishika upesi, na nilijiona sana. Baba hakushika kitu. Alikuwa akikoroga mchuzi anaimba, akiimba anasahau. Jumanne jioni nilimwuliza wali ni nini, akanijibu "itai", na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kata tamaa. Nilimwonea huruma mno.

Basi nikafanya nilichoona kikifanywa chuoni, tulikosoma Kurani, kwa watoto wazito wa kushika. Nilichukua zafarani ya bibi iliyowekwa kwa pilau ya Idi, nikaandika maneno yote ya jirani juu ya sahani kwa herufi za Kiarabu, nikayaosha, nikampelekea baba. Akapiga bismillahi, akanywa mpaka tone la mwisho.

Bibi alipoikosa zafarani yake alinishika sikio mpaka kwa mwalimu wa chuo. Mwalimu akaniamuru nisome nilichoandika. Nikasoma, na mahali pa kutema nikatema. Alipouliza maana yake, nikamweleza moja moja.

"Yaani umemnywesha baba yako nguruwe?"

Akajifunika uso kwa mkono wa kanzu. Nilidhani analia, kumbe anacheka mpaka mabega yanamtikisika. Alipotulia akasema, "Kombe ni la maneno ya Mungu, mwanangu. Maneno ya watu hushikwa kwa kurudiwa." Adhabu yangu ikawa kukaa na baba siku mbili, tukighani maneno yale huku tunayumba kama wanachuo, jikoni, kati ya moshi na harufu ya mkate wa kumimina. Sijapata kuadhibiwa vizuri namna ile tena.

Ijumaa bibi aliuliza, baba akajibu yote. Bibi akamwekea mkono kichwani, akampa radhi, kisha akaingia chumbani. Nikamfuata mbio nikitaka kusifiwa, nikamkuta anafuta machozi kwa upande wa leso. "Nilijua hataweza," aliniambia. Ndipo nilipofahamu mtihani ule ulikuwa wa nini, na sifa nilizozitaka zikanishinda.

Baba alirudi salama, alhamdulillahi, tena amenenepa, na Kijapani chote amekisahau. Sasa hayupo, wala bibi, wala jirani. Nyumba yetu ya Chole imemezwa na mizizi ya mtini, na ukili wenyewe siku hizi husukwa na wachache. Maneno yale nimebaki nayo mimi, ambaye sijamwona Mjapani hata mmoja.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni siku chache baada ya baba kuondoka. Bibi alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, akaniita, akaniambia nimfundishe na yeye. Nikacheka. "Bibi, wewe unakwenda wapi?"

"Siendi popote," alisema, wala hakuinua macho. "Nataka nijue mwanangu anasemaje akishikwa na kiu."