Preampli ya Kanisa, Ampli ya Nyumbani

Mngurumo ndio uliotangulia. Enzi zetu pale Kolwezi, kabla hujafika uani, kabla hujaona moshi wa mbabula, jiko letu la makaa, ulijua tata, yaani baba yetu, amewasha mashine zake: mmmm, kama nyuki ndani ya pipa. Tuliacha kamba, tukaacha mpira wa matambara, tukakimbilia sebuleni vidole vikiwa bado na bukari, ugali wa kwetu, tukaketi kwenye saruji iliyonukia nta nyekundu.

Vijana wa leo wanabeba spika ndogo kama chupa ya maji. Wanauita wimbo kwa kidole, na kabla haujafika katikati wameshaufukuza. Kwetu wimbo ulikuwa mgeni, ukiandaliwa kiti. Kaseti ilianza. Ikafuata preampli, iliyopokea sauti changa na kuipanga, kisha ampli, iliyoipa nguvu ya kusukuma bafle, yale masanduku mawili ya sauti yaliyofunikwa vitambaa alivyofuma mama. "Musiguse na mikono ya mafuta!" tata alikemea, hata kama hakuna aliyesogea.

Mwaka mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza preampli yetu. Tata akaleta nyingine kuukuu, iliyotumika kanisani kwa mikutano ya uwanjani. Alikuwa mtu wa mgodi. Kwake mashine yenye nguvu zaidi haikosei. Tangu siku ile kaseti ya kwaya ikawa mkwaruzo mtupu. Na ndani ya kwaya ile aliimba mama yetu, aliyefariki mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Dada yangu Ngalula alikuwa anakwenda Kisenge kwa mumewe. Aliomba kitu kimoja tu kabla ya kuondoka: asikie sauti ya mama.

Asubuhi ya safari tata aliweka kaseti.

"Tata, mama iko wapi mule?" Ngalula aliuliza. "Mi nasikia tu bantu banakohoa mu tuyau."

Tata akaongeza sauti. Watu wale wa ndani ya bomba wakakohoa zaidi.

Jirani yetu Tata Ramazani, msafirishaji aliyejitengenezea mwenyewe redio za malori yake, aliingia bila kuitwa.

"Tata Kabeya, ile preampli ni muhubiri wa kiwanja. Ampli yako ni interprète mwenye sikio nzuri. Muhubiri akimupigia kelele mu sikio, atatafsiri nini? Atarudisha kelele tu!"

"We muislamu, mambo ya kanisa yetu unajua namna gani?"

"Nyumba yangu inagusana na kanisa yenu. Nasikia culte yote, maombi na nyimbo, hata ile sitaki."

Tulicheka sote isipokuwa tata. Aliitazama preampli yake, kisha Ngalula, aliyekwisha kuvaa viatu vya safari. "Fanya," akasema.

Tata Ramazani akaunga rezistansi mbili, ndogo kama punje za mchele, kati ya mashine zile, ili nguvu ipungue kabla ya kufika kwenye ampli. Harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka ikajaa chumba.

Kwaya ikafunguka. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na katikati yao mtu mmoja akaanza ubeti kabla ya wenzake.

"Ni yeye," Ngalula alisema. "Kila mara alikuwa anawahi!"

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu mama yangu: kwa haraka yake.

Sasa simu yangu ina nyimbo nisizoweza kuzimaliza maisha yote, safi, bila mkwaruzo. Hakuna hata mmoja ambao watu wanne waliukalia kimya, wakiogopa kupumua.

Asubuhi ile shangazi yetu aliita kutoka nje. Gari lilikuwa linangoja. Ngalula hakuinuka mpaka mwisho wa ubeti wa mwisho. Tata akamnyooshea kaseti. Ngalula akaikunja mikono ya tata juu ya kaseti, akamsukumia kifuani.

"Bakia nayo, tata. Mi nimeishaisikia."

Akachukua mfuko wake, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.