Muhtasari wa Hajra

Hajra Kondo alikwenda ofisi ya serikali ya mtaa kufuata barua ya utambulisho, si siasa. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, anasuka nywele kwenye kibaraza cha kwao huku Sofu, na mambo ya vyama aliyaona ni ya watu wasio na wateja. Siku hiyo palikuwa na mkutano wa wananchi, mtendaji wa mtaa, ambaye ndiye mwandishi wa mikutano, anaumwa, na mwenyekiti, Mzee Evodius, akasema mihuri itagongwa baadaye.

"Nani ana mwandiko unaosomeka atuandikie muhtasari?"

Hajra akanyoosha mkono, akijua mwandishi atagongewa muhuri wa kwanza.

Hakuna aliyemwambia kwamba muhtasari ni kufupisha. Aliandika kila kitu. Mwenyekiti aliahidi bomba litatengenezwa "wiki ijayo, Mungu akipenda", akaandika. Wananchi wakaguna, akaandika kwamba wameguna. Simu ya mwenyekiti ikaita, akamwambia mtu yuko Kariakoo; nayo akaiandika.

Miezi mitatu baadaye, bomba likiwa bado linavuja, aliitwa kuusoma muhtasari huo kwenye mkutano uliofuata. Aliusoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Alipofika kwenye "mwenyekiti akajibu kuwa yuko Kariakoo, ilhali amekaa mbele yetu," akina mama waliegemeana kwa kicheko.

"Futa hayo, binti!"

"Samahani, mwenyekiti. Muhtasari unasahihishwa na mkutano. Anayeona nimekosea anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Hata Hajra mwenyewe hakujua ujasiri ule umetoka wapi, ila aliupenda. Mzee Evodius akajifuta jasho, akataja tarehe ya fundi, na safari hii akaitaja taratibu mpaka kalamu ikamaliza. Fundi alifika siku mbili kabla.

Basi vijana wa vyama viwili wakaanza kupishana kibarazani kumvuta kwao, hata wenye vipara wakidai wanaulizia bei ya kusuka. Hajra aliwapa wote swali moja kwenye karatasi: zahanati ya mtaa itafunguliwa lini? Wa chama cha kwanza walileta kurasa nne na picha ya kiongozi wao. Wa chama cha pili walimtuma Eugenia, muuzaji wa duka la dawa, na mstari mmoja: "Hatujui, twende tukaulize." Hajra na Eugenia wakaenda pamoja, wakazungushwa ofisi tano, wakarudi na tarehe, wamechoka na wanacheka. Wiki hiyo hiyo Hajra akachukua kadi ya chama cha Eugenia.

Baba yake, Mzee Kondo, mkereketwa wa kile kingine tangu ujana, alinuna. Siku tatu nzima alimwita mheshimiwa. "Mheshimiwa, nisogezee kiti."

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipofika, Hajra aligombea ujumbe wa kamati ya mtaa, akafanya mikutano mitatu ya kampeni. Alikosa kwa kura tisa. Kesho yake asubuhi baba yake alimkuta kibarazani, hajafungua hata mkoba wa vitana.

"Mimi nilikunyima," akasema bila kuulizwa. "Chama ni chama."

"Najua, baba."

"Ila yule aliyekuzomea mkutanoni ulimjibu vizuri."

Hajra akainua uso. "Ulinisikia wapi? Si kila siku ya mkutano uliaga unakwenda Mlandizi?"

Mzee Kondo akaangalia barabarani.

"Nilikuwa nyuma ya kibanda cha chipsi," akasema. "Mikutano yote mitatu. Sasa hivi chipsi mayai siitaki hata kuisikia."