Deo, mguu wangu bado uko kwenye klachi

Nashindwa kuamini, ndugu zangu. Nimeandika "marehemu Deo" nikafuta, nimeandika tena nikafuta.

Jumamosi tulikuwa wote uani kwake, mtaani Kizwite, mimi na yeye na ile pikapu yake. Jumapili asubuhi mkewe, Yusta, akanipigia simu. Akasema Deo haamki.

Moyo, ndivyo daktari alivyosema. Mtu ambaye hata mafua yalikuwa yanampita pembeni.

Kwa msiomjua, Deo alikuwa mwalimu wa historia, meza yake na yangu zimegusana staffroom. Ufundi hakusomea hata siku moja. Lakini gari likiharibika haendi gereji, analala chini yake mwenyewe na simu yenye video kifuani. Tukimcheka anasema historia ni kujua kilichoharibika kilianzia wapi, kwa hiyo yuko kazini.

Safari hii ilikuwa klachi. Ile silinda ndogo ya chini, inayosukumwa na mafuta, ilikuwa inavuja. Ukikanyaga, pedali inazama yote na gia haiingii.

Na alikuwa na haraka. Alitaka kumfuata mama yake kijijini Muze, kule bondeni, kabla mvua hazijaharibu barabara ya kupandia huku juu. Alishamjengea chumba. Alishanunua kitanda na blanketi zito, maana mama wa bondeni haijui baridi yetu.

"Mama halali tena peke yake," aliniambia akiwa chini ya gari, tumelipandisha juu ya mawe.

Kufunga silinda mpya hakukumsumbua. Shughuli ilikuwa ku-bleed, yaani kutoa upepo uliobaki kwenye mafuta. Hiyo ni kazi ya watu wawili. Wa juu anakanyaga pedali na kushikilia, wa chini anafungua kinati kidogo upepo utoke, anakifunga, ndipo wa juu anaachia. Ukiachia mapema upepo unarudi ndani, mnaanza moja.

Mimi ndiye wa juu, siku zote. Ndiyo maana staffroom nzima inaniita Mguu.

"Kanyaga." Nakanyaga. "Shikilia." Nashikilia. "Achia." Naachia. Tulikwenda vizuri kabisa, pedali ikaanza kuwa ngumu.

Halafu nikasikia "achia", nikaachia. Kumbe ni jirani, anamfokea mtoto wake aliyekamata kuku mkia. Huko chini mfumo wote ukanywa upepo, mafuta yakammwagikia Deo kwenye fulana yake ya kwaya.

Halafu akacheka mpaka akapaliwa. Akatoa kichwa, uso umejaa grisi, akaniambia:

"Mguu, sikiliza. Hata aje askofu aseme achia, usiachie. Mpaka usikie sauti yangu."

Tukaanza upya, mafuta ya breki, ambayo ndiyo ya klachi pia, yakatuishia, na duka lilishafungwa. Tukakubaliana tumalizie kesho baada ya misa. Yusta akatuletea uji wa ulezi, tukaunywa tumeegemea bodi. Nikamuaga kwa kupiga honi ya gari lake, nikaondoka zangu. Hivyo tu. Ningejua ningekaa, jamani. Ningekaa hata kwa baridi ile.

Mama yake alipanda Jumatatu, kwa gari la kukodi, kuja kuzika. Nikamwamkia shikamoo, nikajitambulisha kwa jina langu lote la ubatizo.

"Wewe ndiye Mguu," akasema.

Kumbe Deo alikuwa anamsimulia kwenye simu mpaka upuuzi wetu.

Mimi ni Mkristo, na padre alihubiri tumaini, nikamsikia. Sijaliona hilo tumaini. Nilichokiona ni chumba kipya, godoro lina nailoni bado, na mama ndani yake anamlilia aliyemjengea. Nina hasira sana na sijui nimkasirikie nani.

Jana baada ya mazishi, watu walipopungua, nikaingia kwenye pikapu. Bado iko juu ya mawe. Gunia alilolalia liko palepale, na spana namba kumi juu yake. Nikakanyaga klachi. Ikazama mpaka chini, laini, kama hapakuwahi kuwa na kitu. Nikashikilia.

Sijui nilikaa muda gani. Mama yake Deo akaja dirishani na kitenge chake cha msiba, akaona mguu wangu bado umekanyaga pedali.

"Achia, baba," akasema. "Achia sasa."

Nikamwambia mama, Deo alinikataza. Alisema nisiachie mpaka nisikie sauti yake.

Akazunguka, akafungua mlango wa upande wa pili, akapanda, akakaa kwenye kile kiti ambacho angekalia akitoka Muze na mwanawe. Tukakaa hivyo, sote tunatazama ukuta wa uani.

Deo, kaka yangu. Kazi yetu ilikuwa wewe chini, mimi juu. Sasa uko chini kweli, na huku juu kila mtu ananiambia niachie.

Lala, mwalimu. Lala salama huko chini. Mimi nimeshikilia, na sauti yako sijaisikia.