Bwana Kuta na Nyumba ya Mwisho

Walimwita Bwana Kuta, na jina lenyewe hakulichukia. Kazi yake ilikuwa kuhakiki umaskini. Usicheke, ndiyo kazi yenyewe. Kijana akiomba ruzuku ya serikali ya kusomea chuo, ile fedha ambayo hairudishwi, mtu hutumwa nyumbani kwao kuona kama kweli hawana kitu. Kwa miaka kumi na tisa mtu huyo alikuwa yeye. Anaingia na fomu, anaandika kitanda, meza, redio, anaaga. Kanuni ilikuwa moja, imechapwa juu ya kila fomu: andika ulichokiona, usiandike ulichoambiwa.

Sasa watu nao si wajinga. Wakisikia mhakiki yuko njiani, sofa linatoka, televisheni inatoka, hata saa ya ukutani inashushwa. Akifika anakuta familia nzima imekaa sakafuni, kimya, utadhani wamefiwa. Lakini ukuta hauna siri. Ilipotundikwa picha hubaki mraba msafi, na miguu ya kitanda huacha alama nne sakafuni. Bwana Kuta alisimama katikati ya chumba kitupu akavitaja vitu vilivyokuwamo, kimoja kimoja, mpaka watoto wakajificha nyuma ya mama zao. Wengine walisema ana jini. Jini gani! Alijua tu, na sababu ya kujua hakumwambia mtu, hata mkewe. Kuandika hakuandika, maana alama si kitanda.

Siku ninayoisema alikuwa na nyumba saba kwenye uchochoro mmoja. Sita za kwanza zilikuwa tupu. Katika ya nne alimkuta mtoto mdogo ameketi anautazama ukuta mtupu na kucheka peke yake, kama anaona katuni. Mama yake akamfinya, mtoto akanyamaza, lakini macho hakuyatoa ukutani. Katika ya tano, fundi wa magari alimwambia, "Hivi ndivyo tunavyoishi, mzee," na sauti yake ikarudi kutoka kila pembe. Katika ya sita hapakuwa na kitu kabisa, ila mlio wa saa. Si saa moja, nyingi, zinapishana, na zote zililia kutoka upande wa pili wa ukuta.

Upande wa pili ndiko ilikokuwa nyumba ya mwisho, ya bibi mmoja na mjukuu wake. Binti huyo alikuwa amefaulu vizuri na barua ya chuo anayo mkononi. Bila ruzuku, nafasi yake ingepewa mwingine mwisho wa mwezi. Mlango ulifunguka nusu tu, kwa sababu nyuma yake palikuwa na kabati.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, ukipata pa kupitia."

Akapita ubavuubavu. Loo! Vitanda vimesimamishwa wima mpaka dari. Masofa juu ya masofa. Televisheni nne zimepangwa mstari, vioo vyake vyeusi vimemwelekea. Saa tano, kila moja na wakati wake. Na juu ya kila kitu, picha kwenye fremu. Yule mama wa nyumba ya nne, anacheka. Fundi wa magari na suti ya harusi, anacheka. Watu wale wale aliowaacha sakafuni dakika chache nyuma, wote humo ndani wanamtazama kwa furaha. Bwana Kuta nywele zilimsimama.

"Bibi, vitu hivi vya nani?"

"Vyangu."

"Televisheni nne?"

"Moja kwa kila jicho, na mbili za akiba."

"Na hawa kwenye picha?"

"Jamaa zangu hao."

Mjukuu alikuwa amejibanza kwenye kona, barua ameikunja mara nyingi hadi imekuwa kama kiberiti. "Bibi, mwambie ukweli. Ruzuku yangu inakwenda."

"Nyamaza. Nilipoanguka, nani walinibeba hospitali? Maji ya kunywa analeta nani? Neno nimeshatoa, silimezi."

Kanuni ni kanuni. Bwana Kuta akaweka kalamu kwenye fomu, akaandika "televisheni". Alipoinua macho ndipo akakiona kile kitu pembeni, kimefunikwa shuka jeupe, kimeinama kidogo kama mtu anayesali. Akalivuta shuka. Ilikuwa cherehani tu, ya nyumba ya pili bila shaka, maana alama za miguu yake aliziona sakafuni kule. Lakini shuka hakuliachia.

Maana alishawahi kubeba cherehani. Alikuwa na miaka kumi na tisa, alfajiri, yeye na mama yake wameishika huku na huku, wanaipeleka kwa jirani kwa sababu mhakiki anakuja. Mwana wa jirani alikuwa rafiki yake wa chanda na pete, na yeye pia aliomba ruzuku. Mhakiki wa siku ile aliandika alichokiona. Mmoja akaenda chuo, mwingine akajifunza kushona viatu. Mpaka leo anashona, kando ya barabara ya ofisini, na kila wiki Bwana Kuta humpelekea viatu vizima vishonwe. Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa ameuficha miaka thelathini.

"Mwanangu," akamwambia binti, "nionyeshe kilicho chenu."

Binti akageuka polepole, anatafuta, kama mgeni aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwishowe akainama chini ya masofa akavuta mkeka uliokunjwa, na sufuria.

"Hivi."

Bwana Kuta akakata lile neno la kwanza. Akaandika: mkeka mmoja, sufuria moja. Mkaguzi akija kurudia nyumba hiyo, kibarua kimeota nyasi. Zile fomu sita aliziacha tupu kama alivyozikuta nyumba zenyewe, na kama ni dhambi, ni yake.

Alipotoka, uchochoro mzima ulikuwa umesimama milangoni. Nyuso zile za kwenye picha, ila sasa hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemsalimu wala aliyemuuliza. Walimtazama tu anapita, na milio ya saa ikamsindikiza mpaka barabarani.

Akaenda moja kwa moja kwa fundi viatu, akakaa kwenye kiboksi cha wateja.

"Leo umeleta kizima kingine?" fundi akamtania.

"Siku ile alipokuja mhakiki," Bwana Kuta akasema. "Kwenu kulikuwa na cherehani."

"Ya mama yako."

"Ulijua?"

Fundi akavuta uzi hadi ukakaza. "Nisijue vipi? Mimi ndiye niliyeifunika shuka. Yule bwana alilifunua akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia ya mama yangu."

Akanyoosha mkono, anangoja kiatu. Bwana Kuta akakivua, akampa, akalia pale pale mchana kweupe, mguu mmoja na soksi.