Nilimtafuta marehemu baba kwenye Isimu, kumbe wamemweka kwenye Mimea

Wakuu, nawasalimu kutoka Nkuhungu, Dodoma. Hii siyo chai, imenitokea mwenyewe.

Nasoma master's ya ukutubi. Research yangu inalinganisha database mbili za makala za kitaaluma, kwamba kila moja inapangaje makala kwa somo. Msisinzie, nafika.

Sisi ni Wasandawe wa Chemba. Zamani baba alimsaidia mtafiti mmoja mgeni kukusanya maneno ya lugha yetu, ile yenye vidoko, zile sauti za kugonga ulimi. Akafariki bila kuiona makala iliyotokana na kazi hiyo.

Mama hana hata picha moja ya baba. Alitaka angalau aone jina lake limeandikwa mahali. Kila nikipiga simu: "Umelipata?"

Nikaingia database ya kwanza, nikachuja kwa Isimu. Hakuna. Nikarudia miezi, Isimu tu. Maneno ya lugha si ndiyo Isimu?

Kumbe ile database haiangalii makala. Inalipangia jarida zima somo moja, basi kila kilichomo kinafuata. Database ya pili inapanga makala moja moja. Nikachuja Isimu huko, ikatoka: majina ya mimea kwa Kisandawe.

Ilichapishwa kwenye jarida la mimea! Kwenye database ya kwanza ilikuwa Botania muda wote. Mkutubi mzima, nilijionea aibu.

Jumamosi nikaenda nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umelipata?"

Nikamweleza kuwa makala ni ya majina ya mimea, nikamsomea shukrani za mwandishi, jina la baba limo. Mama akasema, "Nisomee na hayo majani."

Nikasoma, naye ananisahihisha vidoko, maana mimi wa mjini vinanishinda. Tukafika kwenye ua moja la njano. Jina la kienyeji: Sikudhani.

Wakuu, Sikudhani ni mama yangu.

Mama akaziba uso kwa kanga. "Ua hilo halina jina kwetu! Baba yako huyo, ndiyo kwanza alikuwa ananichumbia." Akacheka, akalia. Na mimi nikalia.

Funzo: kabla hujasema kitu hakipo, jua kwanza aliyepanga kapanga kwa kigezo gani.

Sasa kitaaluma natakiwa niwaandikie jarida warekebishe. Mama kagoma kabisa: "Waache. Ndivyo linavyoitwa."

Nyie mngefanyaje, wakuu?