Maji ya Karatasi, Maji ya Mbuchi

Mwalimu Kuruthumu Mahamudu alikuwa mtu wa Chumbi, na watu wa Chumbi hulima mpunga wao na mahindi yao kwenye ardhi iliyotulia mahali pake. Huko Mbuchi alikopangiwa kufundisha, ardhi ilikuwa ikiondoka na kurudi mara mbili kwa siku. Miaka sita alikaa pale. Alijifunza kushika pondo na kusukuma mtumbwi bila kuanguka, alijifunza kumenya kamba kwa kucha, akajifunza hata Kindengereko cha kusalimia na cha kugombana. Lakini habari za maji hakuzijua. Alipotaka kujua yatajaa saa ngapi aliwauliza wanafunzi wake, nao walimjibu huku wakichekea viganjani.

Jambo jingine la kumjua nalo ni kwamba mama huyu hakubebwa na maneno. Zilikuwa zile zama za soko huria, kila mwezi kinaletwa kitu kipya na kila kitu kipya kina mtu wa kukipigia zumari: simu za mkononi, dawa za kung'arisha meno, vitanda vya chuma. Kuruthumu alikuwa akikinunua kitu, au akikiazima, akakitumia wiki mbili, kisha akatoa hukumu yake hadharani. Waliomjua walingoja hukumu hiyo kabla ya kwenda dukani.

Basi mwaka 2004, daraja la Rufiji likiwa limefunguliwa mwaka uliotangulia na magari ya kusini yakipita Kibiti usiku na mchana, kijana mmoja aitwaye Husseini alifungua pale mjini duka la intaneti. Kompyuta tatu, dishi juu ya bati, jenereta nyuma likinguruma. Kuruthumu aliposikia kwamba ndani ya mashine zile mna masomo ya dunia nzima, alipanda boti hadi Nyamisati, akapanda gari hadi Kibiti, akaketi mbele ya kioo na daftari lake mapajani. Ukurasa mmoja aliuandika juu "Kimenifaa", wa pili "Kimenipotezea siku".

Mwanzoni ukurasa wa pili ndio uliojaa. Alipata somo la hesabu linalohusu treni mbili zinazokutana, akawafundisha watoto ambao hawajaona treni hata moja. Alipata mchoro mzuri wa moyo wa binadamu, wa rangi, lakini moyo wa mbuzi aliokuwa akiununua kila mwaka siku ya somo lile uliushinda, maana ule wa karatasi haukuwa na mishipa ya kutia kidole wala haukuliwa baada ya kipindi. Kwenye "Kimenifaa" aliandika mitihani ya zamani, ramani ya Afrika, na namna ya kutengeneza chujio la maji kwa mchanga na mkaa, ambalo lilifanya kazi na bado lipo kwake. Husseini alimwuliza kama intaneti ni nzuri au mbaya.

"Ni kama soko la mnada," akamjibu. "Ukienda hujui unachotaka, utarudi na kofia."

Alichokitaka yeye alikijua. Alitaka darasa lake la saba lisimtoke.

Mwaka uliopita darasa hilo lilikuwa na watoto ishirini na sita, na waliofanya mtihani wa mwisho walikuwa tisa. Hao wengine hawakuwa wavivu. Mpunga wa delta ukianza kuzaa, familia huhamia mashambani, zikaishi kwenye madungu, vile vibanda vinavyosimama juu ya nguzo katikati ya mpunga, na watoto huwekwa kuamia ndege wasile mpunga, asubuhi na jioni. Kweleakwelea hangoji mtihani. Na mtoto akishakaa dunguni miezi mitatu, kurudi darasani ni kazi, wengi hawarudi. Kuruthumu aliwahi kwenda ofisi ya elimu kuomba saa za shule ziwe zinafuata maji, ili watoto waje kwa mitumbwi kijito kikiwa kimejaa na warudi kingali kinapitika. Aliulizwa swali moja: "Utajuaje maji ya mwezi ujao? Lete ratiba." Mbuchi nzima iliijua ratiba hiyo, lakini iliijua kichwani, na kichwa hakipigwi muhuri.

Sasa siku hiyo Kibiti, akiwa amechoka na matreni, akaandika maneno mawili ya Kiingereza kwenye kile kidirisha cha kutafutia, na mbele yake likatokea jedwali zima: maji kujaa na maji kupwa, siku kwa siku, hadi Desemba. Akalichapa. Njiani aligeuza saa zote kuwa za Kiswahili, maana alijua mtu asiyeangalia hapo ataita saa nne ile ambayo ni saa kumi, na maji yaliyojaa yatakuwa matope. Mtego huo aliuruka vizuri sana. Alijisifu kwa hilo hadi Nyamisati.

Ofisi ilipiga muhuri. Wazazi walikuwa wagumu zaidi. Mgumu kuliko wote alikuwa Bi Zabibu binti Kondo, mjane mwenye shamba kubwa na mtoto mmoja, Sikujua, msichana aliyekuwa akiongoza darasa.

"Mie simwachii ndege mpunga wangu kwa ajili ya karatasi," alisema Bi Zabibu.

"Bi Zabibu, shikamoo tena. Asubuhi uamie wewe, jioni aamie yeye. Nitamrudisha kabla ndege hawajashuka. Nakuahidi."

"Karatasi imejuaje maji yetu? Imetoka wapi?"

"Ni ya bandari ya Dar es Salaam. Lakini bahari ni moja, Bi Zabibu."

Bi Zabibu alimtazama, akatazama karatasi, akasema haya. Na Bi Zabibu akisema haya, madungu yote husema haya.

Wiki ya kwanza ilikwenda kama ilivyopangwa. Kengele ililia leo saa tatu, kesho saa nne kasorobo, na watoto wakaja. Kuruthumu alitembea kijijini shingo juu, akaandika "Ratiba ya maji" kwenye ukurasa wa "Kimenifaa", akapiga mistari miwili chini yake. Hakujua, masikini, kwamba ile ilikuwa wiki ya maji mafu, ambapo maji hayapandi sana wala hayashuki sana na kijito hakikauki. Wiki hiyo hata karatasi ya kufungia vitumbua ingekuwa sahihi.

Ikafika bamvua. Mwezi mpya, maji makubwa kujaa na makubwa kupwa. Karatasi ilisema yatajaa saa kumi na nusu jioni, basi saa tisa mwalimu akawafungua watoto wa madungu, kumi na mmoja, mitumbwi minne.

Sikujua alisimama ufukweni na pondo lake. "Mwalimu, maji bado."

"Karatasi inasema yanapanda tangu saa nne na nusu, Sikujua."

"Ndiyo, Mwalimu."

Mtoto wa watu hakubishana. Nani anabishana na mwalimu? Wakasukuma, wakapinda kona ya mikoko, na nusu ya njia mitumbwi ikakaa kwenye tope. Si tope la kushuka mtu akavuta, ni lile linalomeza hadi kiunoni, na ng'ambo yake mamba wawili walikuwa wameota jua. Watoto walikaa hapo wameshikana. Maji yaliwafikia yalipotaka yenyewe, na mtumbwi wa kwanza ulinyanyuka jua likikaribia kuzama. Siku hiyo Bi Zabibu alikuwa ameitikia msiba kijijini, shamba kaliacha mikononi mwa bintiye kwa ahadi ya mwalimu. Aliporudi akakuta kweleakwelea wamekwisha kula, wameshiba, wameondoka. Robo nzima ya shamba ilibaki mashuke matupu yamesimama wima.

Kuruthumu alipata habari magharibi. Aliogopa kwanza habari za mamba, hadi alipohakikishiwa kwamba watoto wote kumi na mmoja wako salama. Kisha akaona aibu, na aibu ile ilimkalia kifuani hadi asubuhi, kwa sababu mtoto alimwambia. Alimwambia kwa maneno matatu, naye akamjibu kwa karatasi.

Ijumaa baada ya sala wazazi walijaa darasani, wakaketi kwenye madawati ya watoto magoti yakigonga mbao. Bwanaheri, mwenye watoto wawili katika darasa lile, hakungoja salamu ziishe.

"Mie wangu nawachukua leo. Mtihani hauliwi."

Wengine wakaunga mkono. Kuruthumu aliona darasa la saba likimtoka mlangoni mmoja mmoja, kama mwaka jana. Mwingine angelaumu mashine, au angemlaumu Husseini aliyeko mbali asiyeweza kujitetea. Yeye alisimama.

"Kosa ni langu," alisema. "Karatasi haikuwatia watoto wenu topeni, ni mimi. Sikujua aliniambia maji bado, sikumsikiliza. Bi Zabibu, mpunga wako umeliwa na kiburi changu, nami nakuomba radhi mbele ya wote. Sina cha kujitetea. Nina cha kuomba tu: nifundisheni. Mimi mtu wa Chumbi, maji siyajui."

Mwalimu kusema hajui mbele ya wazazi, hilo halikuwahi kuonekana pale. Macho yote yakamgeukia Bi Zabibu, ambaye hasara ilikuwa yake na neno lilikuwa lake.

"Ilete hiyo karatasi," alisema Bi Zabibu.

Hakujua kusoma, lakini alimwamuru Sikujua asome kwa sauti, siku baada ya siku, naye akawa anahesabu siku za mwezi vidoleni. Saa ya kwanza iliposomwa alitikisa kichwa. Ya pili vilevile. Ya tatu akaanza kucheka.

"Weye Mwalimu, karatasi hii haisemi uongo. Inasema habari za Dar! Maji yakijaa bandarini, huku kwetu yangali njiani. Yaingie mlangoni mwa mto, yapite mikoko yote hii, yapinde kona zote zile, mto nao unayasukuma yasipite. Huku yanakuja ukishapika wali, ukala, ukaosha na vyombo."

"Ni muda gani huo, Bi Zabibu?"

"Nimekwambia. Wali, kula, vyombo."

Walimwambia Sikujua ahesabu, ikawa saa moja na nusu. Bwanaheri, ambaye ni mvuvi na hapendi kupitwa, akasema ni saa moja na dakika arobaini. Wakabishana. Na watu wakianza kubishana juu ya dakika, ujue hawaondoki. Kabla ya alasiri karatasi ilikuwa na safu ya pili, kwa kalamu ya wino, kichwani imeandikwa "Mbuchi". Bi Zabibu aliongeza sharti: mvua za huko juu mtoni zikishusha maji mengi, yeye atayaonja kila alfajiri hapo kijitoni, na yakigeuka kutoka chumvi kuwa baridi, safu ya pili ibadilishwe siku hiyohiyo, maana mto ukija na nguvu bahari husubiri.

"Na Sikujua?" Kuruthumu aliuliza kwa sauti ndogo. "Atakuja Jumatatu?"

"Atakuja. Mpunga umekwisha liwa, nacho kichwa chake wakile ndege?"

Baada ya hapo hakuna mtumbwi uliokaa topeni. Mwezi wa sita Kuruthumu alipokwenda tena Kibiti kutafuta mitihani ya kujaribia, Bi Zabibu alimfuata, amevaa kanga mpya, anataka kuiona hiyo mashine inayojua maji. Aliketishwa mbele ya kioo. Husseini akamwambia aulize lolote.

"Iulize maji ya kijito chetu leo ni chumvi au baridi."

Husseini aliandika, akangoja, akaandika tena kwa namna nyingine. Mashine ikamletea hoteli moja ya ufukweni na duka la chumvi.

Bi Zabibu alisimama, akajifunga kanga vizuri. "Basi mie kazi ningali nayo," alisema, na alirudi Mbuchi na furaha ambayo hakuificha.

Septemba, asubuhi ya mtihani, Kuruthumu aliita majina. Watoto ishirini na watatu walikuwa kwenye daftari tangu Januari. Mmoja alikuwa amehamia Mafia na baba yake. Ishirini na wawili waliitika nipo, Sikujua kwa sauti kubwa kuliko wote, na mwalimu ilimbidi ajifanye anatafuta kalamu ili wasimwone macho.

Wiki ile ile mkubwa mmoja kutoka ofisini alikuja kuona mpango uliofanya kazi. Alisimama mbele ya jedwali lililobandikwa ukutani, akasifu sana. "Kumbe kompyuta inajua hata maji ya Mbuchi!" Kisha akaomba nakala ya kupeleka shule nyingine za delta.

Bi Zabibu alikuwepo, ameleta nazi. Alinyoosha kidole hadi chini kabisa ya karatasi, kwenye mstari mdogo wa herufi za mashine. "Haya maneno ya chini yanasemaje?"

"Hiyo ni anwani, Bi Zabibu. Inaeleza habari hizi zimetolewa wapi, mtu akitaka kuhakikisha."

"Aa. Na hii safu ya wino imetolewa wapi?"

Mkubwa yule alicheka, akidhani ni utani. Kuruthumu hakucheka. Aliibandua karatasi ukutani, akaiweka mezani, akaandika chini ya ule mstari wa mashine, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: *Safu ya pili: Bi Zabibu binti Kondo, Mbuchi. Mwenye kutaka kuhakikisha amfuate kijitoni alfajiri.* Akamsomea. Bi Zabibu akataka asomewe tena jina, jina tu, kisha akamwambia mwalimu apeleke hiyo nakala.

Daftari la Kuruthumu lipo hadi leo. Kwenye ukurasa wa "Kimenifaa", ile mistari miwili aliyoipiga kwa haraka wiki ya maji mafu ameikata, na kando yake ameandika maneno ya Sikujua: Mwalimu, maji bado.