Paukwa Hakuja Shuleni

Siku ya kwanza kazini niliulizwa swali moja nikalijibu vibaya. Afisa Utamaduni wa wilaya, mtu mrefu mwenye kupenda shati la kitenge, alinikuta mlangoni kwake akasema, "Mama, wewe ndiye fanani?" Nikamjibu hapana, mimi ni mke wa Leonadi wa reli, huyo Fanani labda bado yuko njiani, tumsubiri. Akacheka mpaka akashika mlango. Kumbe fanani ni yule anayetoa sanaa yake kwa mdomo mbele ya watu, awe anasimulia, anaimba au anatega vitendawili. Wanaomsikiliza wanaitwa hadhira. Nilikuwa fanani tangu nina meno ya utoto na hakuna aliyeniambia.

Nyie mnaosoma fasihi mmeniomba niandike jinsi kazi hiyo ilivyokuwa. Nitaandika, lakini mjue mimi darasa langu liliishia la nne, kule upande wa Ugalla. Baba alikuwa mfugaji wa nyuki, hakuwa na mtoto wa kiume, akawa anakwenda na mimi kambini kurina asali. Wanaume wa kambini walikuwa na maneno hao. Mmoja alikuwa anasema aliwahi kupata mzinga wenye asali nyingi hadi mti ukainama kumsalimia. Hiyo mnaiita chuku, au mubaalagha, yaani kuongeza chumvi mpaka mboga ipige kelele. Sisi tulikuwa tunaita mazungumzo.

Nilipoolewa nikahamia Mpanda mjini, nikawa nauza karanga sokoni Kashaulili. Mteja akija kununua kikombe kimoja namsimulia, anasahau kwenda. Mke wa Afisa Utamaduni alisahau kwenda mara nyingi, mumewe akaja kutazama kinachomchelewesha. Ndiyo interview yangu hiyo, sikufanya nyingine.

Basi siku ile ya kwanza, alipomaliza kucheka, alinikalisha akaniambia kazi yenyewe. Nitazunguka shule hadi shule nikisimulia ngano, yaani hadithi zetu za mapokeo, ili wanafunzi wanaosoma fasihi simulizi waisikie kinywani kwa mtu, wasiisome tu kitabuni. Kisha akasema jambo ambalo sikulisahau. "Mama, hapa huna jembe wala cherehani. Chombo chako ni watu kukujibu. Siku utakapoita wasiitike, nitakosa la kuwaambia wakubwa." Nilirudi nyumbani na furaha na hofu vimechanganyika. Leonadi akawa anawaambia wenzake stesheni kwamba yeye analipwa kubeba mataruma ya reli, mke wake analipwa kusema uongo.

Mjue niliipenda kazi ile. Karanga niliziuza kwa sababu lazima tule, lakini hadithi ningesimulia hata kwa ukuta. Ila ukuta haujibu.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa hapahapa mjini. Kulikuwa na Mwalimu wa Kiswahili, mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko yeye mwenyewe. Yeye ndiye aliyenipa majina ya vitu nilivyokuwa navyo. Wakati wa chai tunakaa na kipande cha muhogo, mimi naongea, yeye ananikatiza. Nikisema viboko wa Katavi wakati wa kiangazi wamebanana kwenye tope kama viazi kwenye sufuria, anasema, "Hapo umetumia kama. Tashbihi." Nikisema mkuu wetu fulani ni treni ya mizigo, anasema hiyo sitiari, umefananisha bila kuweka kama, na umemwonea. Nikisema mto Ugalla uligoma kutupisha, anasema tashihisi, mto umeupa tabia ya mtu. Nilipomsimulia fisi anayekuja chwaka chwaka chwaka kwenye majani makavu, akasema tanakali sauti, neno linaloiga mlio. Nikamuuliza na kunyamaza kabla fisi hajafungua mlango kunaitwaje, maana hapo ndipo watoto wanaacha kupumua. Akasema taharuki. Nikamwambia hilo jina zuri, linastahili.

Wengine wanadhani kujua jina la kitu kunaharibu utamu wake. Kwangu haikuwa hivyo. Niliposikia kwamba kurudia rudia ni takriri, nikaanza kujiuliza mbona narudia mara tatu na si mara tano. Nikajaribu mara tano kule Inyonga, mtoto mmoja akalala. Nikarudi kwenye tatu.

Nilifanya kazi chini ya Maafisa Utamaduni kadhaa. Wa kwanza nimemtaja. Wa pili alipenda ngoma kuliko hadithi, akanipeleka Karema kwa muda mrefu, nikala dagaa mpaka nikaota magamba. Wa tatu alikuwa kijana, mpole, mwenye kompyuta. Nilikuwa naye mkoa wetu wa Katavi ukiwa umeshazaliwa, na wakati huo Leonadi alikuwa ametangulia. Hiyo ni tafsida, kulisema jambo gumu kwa neno laini, nami nimeitumia makusudi, kwa sababu lile neno lenyewe bado linanichoma.

Huyu Afisa wa tatu ndiye aliyeniletea habari mbaya, na aliileta kwa heshima. "Mama, kuna mawazo huko juu. Wanasema hadithi zako zirekodiwe, ziwekwe kwenye flashi, kila shule ipewe yake. Hapo safari zitakuwa hazina haja." Nikamuuliza safari zisipokuwa na haja, mimi nitakuwa na haja gani. Akasema Mkaguzi kutoka huko juu atakuja kunitazama nikiwa kazini siku moja tu, kwenye shule ya makazi ya ndugu zetu wenye asili ya Burundi, na wazee wa pale watakaribishwa. Mkaguzi anataka kuona kama mtu mzima mbele ya hadhira anafanya kitu ambacho flashi haifanyi. Akiridhika, nitaendelea mpaka nistaafu. Asiporidhika, basi.

Jina la shule nitaliacha. Tulifika asubuhi. Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wamepangwa kwenye mabenchi chini ya turubai, wazee mbele yao kwenye mikeka. Mkuu wa shule alikuwa amevaa tai. Mkaguzi alikaa pembeni na Afisa wangu. Alikuwa mtu mnene, mkimya, mwenye ndevu zilizopanda mashavuni mpaka karibu na macho. Zishikeni hizo ndevu.

Nikasimama, nikafunga khanga vizuri, nikaita, "Paukwa!"

Hiyo ni fomula ya kufungulia, au mwanzo maalumu. Fanani anaita paukwa, hadhira inajibu pakawa, na hapo kila mtu anajua tumetoka kwenye habari za kawaida tumeingia kwenye hadithi. Ni ya watu wa pwani, lakini shule zimeisambaza hata sisi Wakonongo tunaitumia. Wanafunzi wachache nyuma wakajibu pakawa kwa sauti ya mgonjwa. Wazee kimya. Nikaita tena. Wazee wakageuka wakatazama mabenchi ya wanafunzi. Nikaita mara ya tatu. Sasa wakaanza kunong'onezana, na mzee mmoja akanyanyuka kidogo kuchungulia kule nyuma.

Nilikuwa nimeita watu miaka yote ile, Karema, Inyonga, Mpimbwe, sikuwahi kuitikiwa na ukimya. Nikamwona Mkaguzi anamwinamia Afisa wangu sikioni, na Afisa wangu anatikisa kichwa taratibu.

Ndipo bibi mmoja wa mkeka wa mbele, wanamwita Bibi Pelagia, akanyoosha shingo akasema kwa sauti safi, "Sokwe."

Nyie mnajua sokwe ni nani huku kwetu. Kwenye misitu ya Ugalla wapo, tumekua tukiwasikia. Wanafunzi wa nyuma, waliotoka mjini, wakaangua kicheko, na macho yao yote, Mungu awasamehe, yakaenda kwenye ndevu za Mkaguzi. Bibi akarudia, "Sokwe." Mkuu wa shule akasimama, tai imepinda, akamwomba radhi mgeni kwa niaba ya shule, kisha akawaambia walimu wamsaidie huyu mzee akapumzike nyumbani. Walimu wawili wakaanza kuja.

Nikafikiri, sasa kazi imekwisha. Lakini bibi mwenyewe hakuwa na uso wa mtu anayetukana. Alikuwa ananitazama mimi, hamtazami Mkaguzi hata kidogo, na alikuwa anangoja, kama mimi ninavyongoja nikishaita. Huo uso naujua, ndio ninaokwenda nao kazini. Nikawaambia walimu wasubiri. Nikachuchumaa mbele yake.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyo sokwe yuko wapi?"

"Hakuna sokwe hapa," akasema. "Mimi nakufungulia mlango, wewe unauliza mnyama. Kwetu mtu akitaka kutega anasema sokwe. Nyie mnatakiwa mjibu niruze, yaani na ije. Ndipo anatega. Nimekuonea huruma, naona unahangaika na yule mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Si huyo Paukwa unayemwita. Umemwita mara tatu hasimami. Tukasema labda leo hakuja shuleni, au ana aibu."

Nawaambia, nilikaa chini kabisa, nikacheka hadi machozi. Wazee wale walikuwa wamenyamaza kwa adabu. Mwalimu anapoita jina, wenye majina mengine wananyamaza ili mwenye jina aitike. Afisa wangu alicheka pia. Mkuu wa shule hakucheka, alikuwa bado anaangalia mgeni wake.

Nikasimama, nikaita kwa sauti yangu yote, "Sokwe!"

Kimya tena. Lakini kimya hiki kilikuwa cha namna nyingine. Wanafunzi wengi wa pale ni wajukuu wa hao wazee, jibu walikuwa nalo mdomoni, niliwaona midomo inacheza. Walikuwa wanamtazama Mkuu wa shule, maana pale lugha ya nyumbani ilikuwa marufuku getini mpaka jioni. Mkuu wa shule naye alikuwa amekunja mikono.

Mkaguzi ndiye aliyefungua mdomo, mara ya kwanza tangu afike. Alijikuna ndevu, akasema polepole, "Mwalimu, kwa kuwa sokwe ni mimi, naomba wanijibu."

Mkuu wa shule akacheka hata yeye, akawapungia mkono. Nikaita, na "Niruze!" iliyotoka pale ilinyanyua vumbi. Walijibu wanafunzi, wakajibu wazee, wakajibu na wale wa mjini ambao hawakujua wanajibu nini.

Sikupata nafasi ya kutega. Bibi Pelagia alikuwa ameshachukua kazi yangu. Akasema, "Ndugu wawili wametoka Kaliua mpaka Mpanda pamoja, hawajawahi kugusana." Mimi nikasema macho. Hapana. Nikasema magurudumu ya baiskeli. Wanafunzi wakanizomea, baiskeli gani inatoka Kaliua. Nikashindwa, na kwa desturi ya kitendawili ukishindwa unampa mtegaji mji ndipo akupe jibu. Wote wakaanza kupiga kelele nimpe mji, hata Mkaguzi.

"Haya Bibi," nikasema, "chukua Mpanda."

Utani ulikuwa bado usoni mwa Bibi, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine.

"Mpanda siichukui, mwanangu. Mpanda ni kwangu. Cheti cha uraia ninacho sandukuni, na mume wangu tumemzika hapa. Utanipaje nyumba yangu mwenyewe? Nipe mji wako mwingine."

Wazee wa mikekani hawakucheka. Waliitikia kwa koo, mmm, kama kanisani. Nikampa Tabora, akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ni reli." Mimi mke wa Leonadi, niliyelala na harufu ya grisi maisha yangu yote ya ndoa, nikashindwa reli.

Tulitega na kusimulia mpaka jua likawa kali, na fisi wangu nilimsimulia mwishoni, Bibi akiniongezea maneno pale alipoona nimepunja. Vitabu vinasema fanani ni huyu na hadhira ni ile. Siku ile ukiniuliza nani alikuwa nani, sijui. Wakati wa kuondoka Mkaguzi alimwambia Afisa wangu nikisikia, "Flashi ingesema paukwa mara tatu, ikaendelea. Huyu alisimama akauliza. Mwacheni aendelee."

Nikaendelea hadi kustaafu. Kila nilipopangiwa mahali papya baada ya hapo nilifika siku moja kabla, nikakaa na wanawake kisimani, nikauliza kwenu mnaanzaje. Wasukuma wakanipa yao, Wapimbwe yao, Wafipa yao. Hiyo ndiyo elimu niliyostaafu nayo, na naona inanitosha.

Siku hizi nakaa na mjukuu wangu Kashaulili, mwanaume mzima, dereva wa bodaboda. Jioni anakuja na vumbi lake, anaweka helmeti mezani, anavua viatu. Yeye hasemi paukwa. Anasema, "Bibi, cheki hii." Mwanzoni nilikuwa nageuka kutazama anachonionyesha. Sasa najua nikae vizuri nimjibu.

"Ilete."

Naye anaileta.